Mombasa wanahesabu tani, lakini Kasindi nani anahesabu siku?

Kila mwanzo wa mwaka, mamlaka ya bandari za Kenya, KPA, inatoa hesabu zake mbele ya waandishi wa habari. Hesabu za mwaka 2024 zilikuwa nzuri sana. Bandari ya Mombasa ilipitisha karibu tani milioni 41 za mizigo, wakati mwaka 2023 zilikuwa karibu milioni 36. Ni ongezeko la asilimia 14 hivi katika mwaka mmoja. Makontena nayo, yakihesabiwa kwa kipimo cha kontena la futi 20, yalivuka milioni 2, kutoka milioni 1.62 mwaka uliotangulia.

Habari hiyo ilizungumziwa Nairobi, ikazungumziwa Kampala. Hapa kwetu Butembo ilipita kama habari ya nchi ya wengine. Nadhani tulikosea kuiacha ipite.

Tembea katikati ya mji, ingia depo yoyote. Mabati, pikipiki, vitenge, misumari, unga wa ngano, betri, vipuri, mafuta ya gari. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilishushwa kutoka kwenye meli Mombasa, ikavuka Kenya mpaka Malaba au Busia, ikapita Kampala na Kasese, ikaingia Kongo kwa Kasindi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kabla lori halijafika kwetu. Beni wanakula kwa njia hiyo, na Bunia wanapata sehemu kubwa ya mizigo yao kutoka bandari hiyo hiyo. Tangu Bunagana ianguke mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, Kasindi imezidi kuwa mlango ambao tukifungiwa, tunabaki na njaa.

Kwa hiyo KPA ikisema imekua, inasema pia habari yetu. Lakini ukuaji huo hautapunguza bei ya kitu chochote Butembo, Beni wala Bunia, mpaka serikali yetu ikubali kufanya Kasindi kile ambacho majirani wanafanya Mombasa: kupima kazi yake mbele ya watu wote, kwa siku na kwa saa, na kuacha kuipima kwa dola zilizokusanywa peke yake.

Ukuaji huo unalipwa na nani?

KPA ni shirika la serikali ya Kenya. Liliundwa mwaka 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na bandari zake. Ni mali ya Wakenya, na ni haki yao kujivunia. Lakini karibu theluthi moja ya mizigo ya Mombasa ni mizigo ya kupita tu, inayokwenda nchi za jirani. Uganda peke yake inachukua karibu theluthi mbili ya mizigo hiyo. Sehemu kubwa ya inayobaki tunagawana sisi, Sudan Kusini na Rwanda.

Tena sehemu yetu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Wafanyabiashara wetu wengi hawana nguvu ya kuagiza kontena zima kutoka China au Dubai. Wanapanda basi mpaka Kampala, wananunua huko kwa wauzaji wa jumla, wanapakia. Mzigo huo Mombasa uliandikwa kuwa wa Uganda. Kumbe mlaji wa mwisho yuko Oicha, yuko Lubero, yuko Mambasa.

Bandari inalipisha kushusha mzigo, kuubeba, na kuuhifadhi siku za bure zikiisha. Fedha hizo zinaingia kwenye bei ya bidhaa. Yule mama anayenunua bati moja moja kufunika nyumba yake Butembo amelipa kipande kidogo cha gati la Mombasa, hata kama hajawahi kuona bahari. Mteja anayelipa ana haki ya kuuliza anapata nini.

Tani si zote zinafanana

Tuangalie vizuri hesabu hizo kabla ya kupiga makofi. Sehemu kubwa ya ongezeko la makontena la mwaka 2024 ilitokana na makontena yanayoshushwa Mombasa na kupakiwa tena kwenye meli nyingine kwenda bandari nyingine. Ni biashara nzuri kwa bandari. Tangu mwisho wa mwaka 2023, mashambulizi ya Wahuthi katika Bahari ya Shamu yalivuruga njia za meli duniani, na bandari zilizokuwa tayari zilipata kazi. Lakini kontena la namna hiyo halipandi lori. Halifiki Kasindi.

Ongezeko lingine ni la kweli kwa nchi za ndani, na lilitayarishwa muda mrefu. Mombasa ilijenga kituo cha pili cha makontena kwa mkopo wa Japani. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2016, na uwezo wa makontena 550,000 kwa mwaka. Sehemu ya pili iliisha mwaka 2022, ikaongeza 450,000. Mwaka huo huo Kenya ilifungua kituo kipya cha mafuta cha Kipevu, ambapo meli nne zinaweza kushusha mafuta kwa wakati mmoja. Treni mpya ya Mombasa–Nairobi ilianza mwaka 2017, kisha reli ikasogezwa mpaka Naivasha. Bandari ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza tarehe 20 Mei 2021. Mpango mkuu wa KPA unakwenda mpaka mwaka 2047.

Uganda nayo haikulala. Mwezi Oktoba 2024 ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi, kujenga kilomita 272 za reli mpya kutoka Malaba mpaka Kampala. Katika michoro yao, reli hiyo ina tawi la kufika Mpondwe siku moja, yaani ng'ambo tu ya mto kutoka Kasindi.

Soma mipango hiyo yote kwa mpangilio wake, kutoka baharini mpaka mpakani. Kila kipande kina mwenye kukijenga, kina tarehe, kina hesabu. Halafu unafika Kasindi, na hapo maswali yanaanza.

Siku moja inagharimu nini

Nina jirani, mama mmoja ambaye anauza mabati na misumari. Nilipomweleza habari ya tani milioni 41, alicheka. Akaniambia: «Mutoto yangu, miye sihesabu tani. Nahesabu siku.»

Ana sababu. Tuchukue mfano mdogo, ambao kila mfanyabiashara ataweka hesabu zake mwenyewe. Mtu amekopa dola 30,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kila mwezi mzigo ukiwa njiani, anadaiwa dola 600 za riba, hata kama hajauza msumari mmoja. Mzigo ukichelewa miezi miwili zaidi ya alivyopanga, dola 1,200 zimekwenda. Ongeza pesa za kuhifadhi mzigo bandarini. Ongeza malipo ambayo kampuni ya meli inadai kila siku kontena lake linapochelewa kurudi, na dhamana ambayo mwenye mzigo ameacha kwao na haipati mpaka kontena lirudi salama. Ongeza malipo ya lori lililosimama, na chakula cha dereva. Hakuna hata senti moja kati ya hizo inayobaki kwa mwenye duka. Zote anazipandisha juu ya bati, na mnunuzi anazilipa.

Ndiyo maana hesabu ya tani haimsaidii jirani yangu. Bandari inaweza kupitisha mzigo mara mbili zaidi, lakini kama mzigo wake unalala siku kumi mpakani na siku tano barabarani akisubiri msafara wa kijeshi, kwake hakuna kilichobadilika. Kinyume chake, bandari ikibaki jinsi ilivyo lakini Kasindi ikapunguza siku tano, bei itasikia.

Mpaka wenye wakubwa wengi

Tatizo la kwanza pale Kasindi linajulikana na kila mtu, na sheria ya kulitatua ipo. Amri ya serikali namba 036/2002, ya tarehe 28 Machi 2002, inasema ni huduma nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani: duane, ambayo leo ni DGDA, OCC, inayochunguza ubora wa bidhaa, DGM, inayoshughulika na wasafiri, na huduma ya afya ya mipaka. Nne. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Muulize dereva yeyote wa lori amepita mbele ya meza ngapi, ameonyesha karatasi kwa watu wangapi wenye sare na wasio na sare. Hatakutajia nne. Chama cha wafanyabiashara, FEC, kimelalamika juu ya jambo hilo mara nyingi. Mawaziri wamekuja, wakaahidi, wakarudi Kinshasa.

Baada ya mpaka kuna barieri. Kila moja ina maelezo yake: usalama, kodi ya jimbo, kodi ya mji, pesa ya barabara, mchango wa hiki na kile. Nyingine zina risiti, nyingine hazina.

Tatizo la pili ni barabara. Mwezi Juni 2021, Raisi Félix Tshisekedi na Raisi Yoweri Museveni walikutana mpakani, wakazindua mradi wa kilomita 223: Kasindi–Beni kilomita 80, Beni–Butembo kilomita 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma kilomita 89. Uganda ilikubali kuchangia gharama. Barabara ya Bunagana ilikwama kwa sababu ya vita. Upande wetu kazi iliendelea kwa kusimama na kuanza tena. Mkaaji wa hapa anajua vumbi la mwezi wa saba na matope ya mwezi wa kumi na moja bila kuambiwa na mtu.

Tatizo la tatu ni damu. Kwenye barabara ya Beni–Kasindi, ADF wameua wasafiri na madereva, wamechoma magari yakiwa na mizigo yake. Jeshi lilianza kusindikiza magari kwa misafara. Dereva Mkenya au Mganda akiulizwa bei ya kufika Butembo, anaweka pia bei ya woga wake. Na sisi hatuwezi kumlaumu.

«Kwanza usalama»

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa: ndugu, unazungumza habari ya siku na saa wakati watu wanachinjwa. Lete usalama kwanza, mengine yatafuata.

Ninaliheshimu jibu hilo, kwa sababu nimefanya kazi ya habari katika eneo hili na nimehudhuria mazishi. Lakini usalama hauwezi kuwa kisingizio cha kila kitu. ADF hawakuweka meza ya tano, ya sita na ya saba pale Kasindi. ADF hawaandiki faktire mbili za mzigo mmoja. Vitu hivyo viko chini ya mkono wa serikali leo, tena katika jimbo ambalo tangu tarehe 6 Mei 2021 liko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi wenye nguvu zote za kutoa amri na kutiiwa. Kama gavana wa kijeshi anaweza kufunga barabara kwa amri ya saa moja, anaweza pia kuondoa barieri isiyo ya halali.

Jibu la pili linatoka Kinshasa: tunajenga bandari yetu wenyewe ya kina kirefu huko Banana, pamoja na DP World, na kazi ilianza mwaka 2022. Hongera. Nchi kubwa kama yetu inahitaji bandari yake baharini. Lakini angalia ramani. Kutoka Banana mpaka Butembo ni mbali kuliko kutoka Mombasa, na hakuna barabara moja inayounganisha miji hiyo ambayo lori linaweza kuitegemea mwaka mzima. Banana itasaidia Kinshasa na Kongo Central. Mtoto wangu atakuwa mzee, na bati la Butembo bado litakuwa linapita Mombasa.

Jibu la tatu ni la pesa: serikali inahitaji mapato ya Kasindi, na DGDA ina kiwango inachopaswa kufikisha kila mwezi. Ni kweli. Lakini mkuu wa ofisi anayepimwa kwa dola peke yake atafanya nini? Atakamua kila lori linalopita, na hatajali limelala usiku mangapi. Wanaochoka watapita njia za panya, na hapo serikali inapoteza pesa pamoja na heshima. Mpaka unaopitisha magari haraka unapitisha magari mengi zaidi, na mengi hulipa.

Tunaweza kufanya nini

Jambo la kwanza halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Ni kutangaza. Mombasa, mwezi Juni 2014, idara zote za bandari na wafanyabiashara walitia sahihi hati ya pamoja, kila mmoja akiahidi muda atakaotumia kumaliza sehemu yake ya kazi. Hati hiyo haikuondoa ucheleweshaji wote, na Wakenya wenyewe bado wanalalamika. Lakini iliwapa watu kitu cha kushika mkononi na kusema: uliahidi siku mbili, zimekuwa tano, eleza. Kasindi inahitaji hati kama hiyo. DGDA, OCC, DGM, huduma ya afya, polisi, jeshi, FEC na chama cha wasafirishaji wakae meza moja, waandike, watie sahihi. Kisha kila mwezi watangaze kwa redio za Beni na Butembo: malori mangapi yameingia, na kila moja limekaa siku ngapi kwa wastani. Leo tunachosikia kutoka mpakani ni mapato tu.

Jambo la pili, Kongo itumie viti ambavyo tayari inakalia. Tuko ndani ya mamlaka ya Ukanda wa Kaskazini tangu zama za Zaire, na makao yake yako Mombasa. Mamlaka hiyo ina kituo kinachopima muda wa mizigo kutoka bandarini mpaka kila mpaka. Tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu mwaka 2022. Tuna OGEFREM, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1980 kulinda waagizaji wa mizigo, ambalo linalipisha karatasi ya FERI kwa mizigo inayokuja nchini. Mwagizaji analipa FERI. Basi OGEFREM imwonyeshe inafanya nini kwa ajili yake mbele ya KPA na kampuni za meli: siku za bure za kuhifadhi, dhamana za makontena, na bei ya kubeba mzigo. Dar es Salaam inatutafuta kama mteja, na Mombasa hali kadhalika. Mteja anayetafutwa na wauzaji wawili ana nguvu ya kuzungumza bei, akiamua kuzungumza.

Jambo la tatu, tuangalie lori linaporudi. Makontena mengi yanayofika huku yamejaa hurudi matupu, na mwenye mzigo analipia safari zote mbili. Hata hivyo Beni inalima kakao, milima yetu inalima kahawa, na tuna mbao. Mara nyingi imesemwa kwamba kakao yetu inavuka mpaka kwa siri, ikauzwa duniani kwa jina la nchi nyingine. Mkulima akiona karatasi za kupeleka mazao nje zinamaliza mwezi, atachagua njia ya usiku. Tukirahisisha njia ya halali, lori litarudi na mzigo, bei ya kuja itashuka, na mapato ya kahawa yetu yataandikwa kwa jina la Kongo.

Mwanzoni mwa mwaka ujao KPA itatangaza tena tani zake, na nadhani zitakuwa zimeongezeka. Ningependa siku hiyo hiyo mtu mmoja mwenye mamlaka, ajulikane jina na cheo chake, asimame Kasindi na kutuambia lori lilikaa siku ngapi mpakani mwaka huu, na mwaka jana lilikaa ngapi. Hata kama hesabu itakuwa mbaya, atuambie. Jirani yangu muuza mabati anayo hesabu hiyo tayari, ameiandika katika daftari lake la madeni. Serikali inaweza kuanzia hapo.